Maneno ya Kiingereza Yanayoanza kwa Al

Mtu akifungua kamusi ya Kiingereza katika kurasa zake za mwanzo, pale ambapo herufi A inafuatwa na L, atakuta kundi la maneno yanayobeba majina ya masomo magumu na ya vitu vya maabara, yaani 'algebra', 'algorithm', 'alkali', 'alcohol', 'alchemy' na wenzao. Na kwa kuwa kijana wetu wa Kidato cha Kwanza huanza kukutana nayo katika mwaka uleule anaohamishwa ghafula kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza cha sekondari, huyapokea kama maneno ya kigeni kabisa, yaliyozaliwa Uingereza, yasiyo na nasaba yoyote na ulimi alionyonya kwa mamaye. Dhana hiyo si kweli, na madhara yake si haba. Katika makala haya nakusudia kubainisha kwamba maneno hayo si ya Kiingereza kwa asili, kwamba mengi yao yana ndugu katika Kiswahili cha kila siku, na kwamba lugha ambayo leo tunaitukuza kuwa ndiyo lugha ya elimu ilifika daraja hiyo kwa kukopa bila kuona haya, hata ikakopa na kijineno ambacho yenyewe haikukielewa.

Kijineno hicho ndicho al. Katika Kiarabu, alifu na lamu zikitangulia jina hulifanya jina hilo kuwa maalumu na lenye kujulikana, basi kitab ni kitabu chochote kile, na al-kitab ni kile kitabu tunachokijua mimi nawe. Kiswahili hakina kijineno cha namna hiyo, kwani kazi hiyo sisi huifanya kwa njia nyingine. Walakini tumekimeza pamoja na baadhi ya maneno tuliyoyapokea, na kila siku tunasema alfajiri, alasiri na Alhamisi bila kukumbuka kwamba mwanzoni mwa kila neno amesimama mgeni mdogo asiye sehemu ya neno lenyewe. Mtoto aliyepita chuoni na kufundishwa kusoma Qurani anajua zaidi ya hayo, maana amekwisha ambiwa kwamba mbele ya herufi za shamsi ile lamu haitamkwi, bali humezwa na herufi inayoifuata, na ndiyo sababu twasema adhuhuri na wala si aldhuhuri. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyozaa neno la Kiingereza 'azimuth', ambalo wanamaji na wapima ardhi hulitumia kwa maana ya pembe ya upande, na ambalo asili yake ni as-sumut, yaani pande au njia. Mtoto wa chuoni angeweza kumweleza mwalimu wake wa jiografia kwa nini neno hilo halina L, lau angalipata mtu wa kumwambia kwamba ujuzi wake una kazi nje ya chuo.

Kabla ya kuendelea ni wajibu nitoe tahadhari, kwa sababu anayependa jambo huliona kila mahali. Si kila neno la Kiingereza linaloanza kwa herufi hizi ni la Kiarabu. 'Also', 'almost', 'already' na 'alone' yametokana na neno lao wenyewe la 'all', lenye maana ya yote. 'Altitude', yaani kimo, ni la Kilatini, na 'alibi' vilevile, nalo maana yake ya awali ni mahali pengine, kwani mshitakiwa hudai kwamba saa ya tukio yeye alikuwa kwingine. 'Alphabet' ni majina mawili ya herufi za Kiyunani yaliyounganishwa. Liko na moja lenye kudanganya kuliko hayo yote, nalo ni 'alligator', jina la mnyama wa Marekani aliye wa jamii ya mamba, ambalo ni el lagarto la Kihispania, yaani yule mjusi. Kijineno kimemezwa humo pia, lakini ni kijineno cha Wahispania, kilichotoka katika Kilatini.

Sasa tuje kwa 'algebra', ambalo ndilo linalotisha zaidi, na ambalo nitakaa nalo kwa kitambo. Huko Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833, aliishi mwanachuoni aliyeitwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, ambaye alitunga kitabu cha hesabu kilichoitwa, kwa ukamilifu wa jina lake, al-Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wa-l-muqabala. Namwomba msomaji asiyejua Kiarabu hata neno moja asilipite jina hilo kwa haraka, bali alitazame neno baada ya neno: kitab ni kitabu, mukhtasar ni muhtasari, hisab ni hesabu, muqabala ni mkabala, na jabr ni la shina lilelile lililotupa Jabari, sifa ya Mwenyezi Mungu, ambayo wafasiri husema ina maana ya mwenye kushurutisha na pia ya mwenye kuunga kilichovunjika. Hakuna neno la maana katika jina hilo ambalo Mswahili hana ndugu yake nyumbani. Waingereza kwa upande wao walichukua moja tu, nalo wakalichukua pamoja na al yake.

Na maana ya maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo somo lenyewe. Tuseme kwamba kumi ukitoa kitu fulani hubaki saba. Ile kumi imepungukiwa, imevunjika kama mfupa, basi tunairudishia kile kilichotolewa, na kwa kuwa tumeongeza kitu upande mmoja hatuna budi kukiongeza upande wa pili, ikawa kumi ni sawa na saba na kitu: huko kurudishia ndiko jabr. Kisha tunaziweka pande mbili mkabala, tunaondoa saba huku na saba kule, tukaona kwamba kitu ni tatu: huko kulinganisha ndiko muqabala. Huko Uhispania neno algebrista lilimaanisha fundi wa kuunga mifupa iliyovunjika au kuteguka, na hata katika Kiingereza cha karne ya 16 'algebra' iliwahi kutumika kwa maana hiyo ya utabibu. Nani kati ya vijana wanaokariri kwamba alama hubadilika nambari inapovuka ishara ya usawa ameambiwa kwamba kitendo hicho kina jina, na kwamba jina hilo limeandikwa juu ya jalada la kitabu chake cha hesabu?

Hayo si yote. Al-Khwarizmi hakutumia herufi x wala ishara yoyote, bali aliandika kila jambo kwa maneno matupu, na ile namba isiyojulikana aliiita shay', yaani kitu, au jidhr, yaani mzizi, na pindi inapozidishwa kwa nafsi yake aliiita mal, ambayo ndiyo mali yetu hii tunayoirithi na kuigombania. Na kuirithi sikukutaja kwa bahati, kwa maana sehemu kubwa ya kitabu kile inahusu wasia na mirathi, jinsi ya kugawanya tirka ya marehemu baina ya mjane, watoto na wenye kuachiwa wasia, kulingana na sheria ya Kiislamu. Mwandishi alisema wazi katika utangulizi wake kwamba amekitunga kwa ajili ya haja za watu katika urithi, biashara, kesi, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Mashekhe wa pwani yetu wanaohesabu faradhi za mirathi wanafanya kazi iliyo jirani kabisa na ile ambayo mwanafunzi wa sekondari huambiwa kwamba ni ilimu ya mbali isiyohusiana na maisha ya kwao.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na Mwingereza mmoja, Robert wa Chester, mwaka 1145, alipokuwa mjini Segovia nchini Uhispania. Kitabu kingine cha mwanachuoni yuleyule, kilichoeleza namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, kilitafsiriwa pia, na katika tafsiri hiyo jina lake likaandikwa Algoritmi. Wasomaji wa karne zilizofuata, wasiojua kwamba hilo ni jina la mtu, wakadhani ni jina la ilimu yenyewe, ndipo likazaliwa 'algorithm', ambalo leo kila mwenye simu ya kisasa amelisikia likitajwa kuwa ndilo linaloamua habari ipi aione na ipi asiione. Neno hilo kwa hakika halina siri yoyote. Ni nisba, kama tunavyosema al-Mazrui, al-Busaidi au al-Hadhrami, na maana yake ni mtu wa Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo siku hizi imo katika Uzbekistani na Turkmenistani.

Neno 'alcohol' nalo lina safari ya kustaajabisha. Asili yake ni al-kuhl, na al-kuhl ni wanja, ule unga mweusi laini ambao bibi harusi wa Lamu au wa Unguja hutiwa machoni, na ambao wazee wetu waliuita wanja wa manga kwa kuwa ulitoka Manga, yaani Uarabuni. Unga ule ulisagwa mpaka ukawa laini kabisa, basi wanaalkemia wa Ulaya wakalichukua jina lake wakaliita kila unga uliosagwa au kusafishwa hadi kufikia ulaini wa mwisho. Kisha wakalipanua wakaliita nalo kila asili safi iliyotolewa kutoka kitu kwa moto. Na tabibu Paracelsus, aliyefariki mwaka 1541, akasema alcohol vini, yaani kiini safi cha mvinyo. Baada ya muda neno mvinyo likadondoka, na ilipofika karne ya 18 alcohol ikawa ni ile roho ya kileo peke yake. Hivyo pambo la mwanamke wa Kiislamu likawa jina la kinywaji ambacho dini yake imekiharamisha, na hapakuwa na mtu aliyekusudia kufuru wala dhihaka katika mabadiliko hayo, ila kila kizazi kilisogeza maana hatua moja kutoka pale kilipoikuta.

'Alkali' limebaki karibu zaidi na kwao. Al-qali ni majivu ya mimea inayoota katika ardhi ya chumvi, ambayo yalikusanywa kwa ajili ya kutengenezea sabuni na kioo, nasi tunayajua mambo ya namna hiyo kwa magadi yetu, yawe yale yanayolainisha maharage jikoni au yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi huko Kenya. Mwaka 1807 Humphry Davy wa Uingereza alipitisha umeme katika majivu ya namna hiyo akatoa metali mpya, akaiita 'potassium'. Lakini wataalamu wa Kijerumani waliipa jina la kalium, kutokana na hiyo qali baada ya kuivua al yake, na alama ya K ndiyo iliyotapakaa ulimwenguni. Hakuna darasa la kemia katika nchi yetu ambalo halijapata kuuliza kwa nini potasiamu, neno linaloanza kwa P, huandikwa K, na aghalabu jawabu ni kwamba ndivyo ilivyo, ikaririni. Jawabu hilo naliona kuwa ni dhuluma ndogo inayorudiwa kila mwaka, kwa maana jawabu la kweli linachukua nusu dakika, na mwanafunzi aliyelipata hataisahau alama ile maisha yake yote.

Yapo mengine ambayo nitayataja kwa kupita tu. 'Alcove', kijumba cha kando katika chumba, ni al-qubba, nayo ni kuba ileile ya misikiti yetu. 'Alcalde', jina la hakimu au mkuu wa mji katika nchi za Wahispania, ambalo limeingia katika kamusi za Kiingereza, ni al-qadi, yaani kadhi. 'Admiral' ni amiri, pamoja na al ya neno lililokuwa likimfuata, ambayo imebaki ikining'inia mwishoni bila mwenziwe, kwani huko Sisilia walitumia cheo hicho kwa wakuu wa jeshi la majini. Sisi tunalo katika Amiri Jeshi Mkuu. 'Aubergine' ni al-badinjan, na bilingani letu ni la ukoo huohuo. 'Lute', zeze la Ulaya lenye tumbo la duara, ni al-'ud iliyopoteza A na kubakiza L, na mpenzi wa taarabu anayemsikiliza mpiga udi yuko mbele ya jina hilo likiwa zima. Mbinguni nako yapo: nyota ya Altair ni ile irukayo, na Aldebaran ni mfuataji, kwa sababu huchomoza nyuma ya Kilimia, ambacho wakulima wetu walikitazama ili kujua majira ya kulima.

Huenda msomaji akauliza imekuwaje Kiingereza kikwame na al ilhali sisi, tulio karibu zaidi na Waarabu, tumesema kadhi, kuba, udi na amiri, tukaiacha al nje. Sababu ni mlango ambao maneno yalipitia. Sisi tuliyapokea kwa masikio, kutoka vinywani mwa wafanyabiashara, mashekhe na mabaharia tulioishi nao, tukaoana nao na kuswali pamoja, na anayejifunza neno kwa mwenyewe hupambanua kwa urahisi lipi ni jina na lipi ni kijineno kinachokuja na kuondoka. Waingereza waliyapokea mengi ya haya kutoka mbali, kwa njia ya Uhispania, ambako Waislamu walifika mwaka 711 na ambako dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492. Na Wahispania walikuwa na desturi ya kuyapokea majina pamoja na al, hata pamba wakaiita algodón na sukari wakaiita azúcar. Waitaliano, waliofanya biashara na Waarabu wa Sisilia na wa bandari za Mashariki, waliyachukua bila al, wakasema cotone na zucchero, na kwa kuwa Kiingereza kilipata pamba na sukari kwa njia ya Waitaliano na Wafaransa, hakuna al katika 'cotton' wala 'sugar'. Basi mtu aweza kulitazama neno la Kiingereza na kukisia lilipita bandari ipi.

Kwa upande wa ilimu, mlango mkuu ulikuwa mji wa Toledo, uliotekwa na Mfalme Alfonso wa Sita mwaka 1085 pamoja na hazina yake ya vitabu. Huko walikwenda watu wenye kiu, mashuhuri wao akiwa Gerard wa Cremona, Mwitaliano aliyefariki mwaka 1187 baada ya kufasiri vitabu zaidi ya 70, na mojawapo ya hivyo ni kile kitabu kikuu cha falaki cha Ptolemy, ambacho Wazungu mpaka leo hukiita 'Almagest'. Tazama ajabu ya jina hili: neno lenyewe ni la Kiyunani, lenye maana ya kilicho kikubwa kabisa, Waarabu wakalipokea wakaliwekea al yao, kisha Wazungu, walioweza kudai kwamba Uyunani ni babu yao, wakalirudisha kutoka kwa Waarabu likiwa na vazi la Kiarabu, na hawakujali. Walitaka ilimu iliyomo ndani.

Hapo nafika kwenye neno ninalotaka kulisema kwa wenzangu. Mwaka 1391 mshairi Geoffrey Chaucer alimwandikia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka kumi, risala ya kumfundisha matumizi ya astrolabi, chombo cha kupimia nyota. Akaiandika kwa Kiingereza, na akatoa sababu: mtoto yule Kilatini chake kilikuwa kidogo. Na asije mtu akadhani kwamba kwa kufanya hivyo ilimu imeshushwa, akaeleza kwamba ilimu hiihii Wayunani waliipata kwa Kiyunani, Waarabu kwa Kiarabu, Mayahudi kwa Kiebrania na Warumi kwa Kilatini, kila taifa kwa lugha yake, basi na mtoto huyu atosheke nayo kwa Kiingereza. Kiingereza cha siku hizo kilikuwa ni lugha ya mtoto asiyejua Kilatini. Vyuo vikuu vyao vilifundisha kwa Kilatini, wanazuoni wao waliandikiana kwa Kilatini, na asiyekuwa na Kilatini alihesabiwa mjinga. Nacho Kiingereza hakikuwa na majina ya sehemu nyingi za chombo kile. Chaucer alifanya nini? Aliyachukua maneno ya Kiarabu yalivyo, almury kwa maana ya kielekezi na almykanteras kwa maana ya duara za kimo, akayaingiza katika Kiingereza, akaendelea na somo.

Ningependa wote wanaosema kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia sayansi kwa kuwa hakina maneno waitafakari risala ile ya baba kwa mwanawe. Kiingereza pia hakikuwa na maneno. Kiliyapata kwa kuanza kufundisha, si kwa kungoja, na kiliyapata kutoka kwa watu ambao wasemaji wake wengi hawakupata kuwaona, kikakosea matamshi yake, kikachanganya jina la mtu na jina la ilimu, kikaacha al mahali isipohitajika, na makosa yote hayo hayakukizuia kuwa hivi kilivyo. Sisi leo tukisema aljebra, algoriti au kemia, yupo mwenzetu atakayecheka na kusema hilo si neno bali ni Kiingereza kilichobadilishwa tahajia. Huyo hajui kwamba Kiingereza chenyewe hapo ni Kiarabu kilichobadilishwa tahajia, na kwamba sisi tuna haki zaidi ya kulidai neno lile kwa sababu kitabu, muhtasari, hesabu na mkabala tayari ni vyetu.

Nina neno pia kwa kundi la pili, ambalo nalipenda kwa nia yake na kulipinga kwa njia yake, nalo ni la wale wanaotaka Kiswahili kisafishwe, maneno yenye asili ya Kiarabu na ya Kizungu yapunguzwe, na mahali pake yawekwe yaliyoundwa kwa mashina ya Kibantu. Kuunda maneno ni jambo jema, na tumefaulu katika mengi. Lakini Waingereza walilijaribu jambo hilo kabla yetu. Robert Recorde, tabibu na mwanahesabu mzaliwa wa Wales, aliyeleta ishara ya usawa katika kitabu chake cha mwaka 1557, alitaka kufundisha jiometri kwa Kiingereza kitupu, na katika kitabu cha mwaka 1551 aliita pembe kali 'kona kali', na pembetatu yenye pande sawa akaiundia neno la Kiingereza lenye kuashiria utatu wenye kufanana. Maneno yale yalieleweka vyema na mengi yao yamekufa. Algebra, neno gumu la kigeni, limeishi. Lugha huchagua yenyewe, na anayeihudumia ni yule anayeipa vyote viwili, la kuundwa na la kukopwa, kisha akawaachia wasemaji.

Sitaki kudai zaidi ya haki. Kujua kwamba jabr ni kuunga hakumfanyi mtu aweze kukokotoa mlinganyo, wala kujua nasaba ya alkali hakutoshi mbele ya msimamizi wa mtihani, na mwanafunzi lazima afanye mazoezi yake kama wenzake wa nchi zote wafanyavyo. Ninalolidai ni kwamba hofu ni kizuizi cha kweli katika kujifunza, na hofu hii imejengwa juu ya habari ya uongo, ya kuwa elimu ni mali ya watu wengine na sisi tumeitwa kuja kuiazima. Habari ya uongo huondolewa kwa kusema iliyo ya kweli.

Basi naomba mambo machache kwa wanaohusika. Kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na kwa wataalamu wa kamusi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kamusi za shule zieleze asili ya neno kwa ukamilifu kidogo kuliko ile herufi moja ya kuonyesha lugha, hasa kwa istilahi za sayansi, na pale ambapo neno limetufikia kupitia Kiingereza ilhali asili yake ni Kiarabu au Kiyunani, zote mbili zitajwe, maana kuandika kwamba aljebra limetoka Kiingereza na kuishia hapo ni kusema nusu ya kweli. Kwa vyuo vya ualimu: mwalimu wa hisabati na wa kemia afundishwe habari za maneno ya somo lake kama anavyofundishwa njia za kulifundisha, saa chache katika miaka ya mafunzo zingetosha. Kwa waandishi wa vitabu vya kiada: chini ya kichwa cha sura ya aljebra iandikwe sentensi mbili, ya kwanza ikisema ni nani aliyekiandika kitabu cha kwanza chenye jina hilo na wapi, ya pili ikimwonyesha mwanafunzi maneno ya Kiswahili yaliyomo katika jina la kitabu hicho, kisha sura iendelee na hesabu zake kama kawaida.

Na kwa walimu walioko madarasani sasa, ambao hawataingoja kamusi mpya wala kitabu kipya, naomba hili tu: siku ya kwanza ya aljebra, kabla ya kuandika x ubaoni, mwalimu aandike jina lile refu la Kiarabu kwa herufi za kawaida, kisha awaulize wanafunzi wake, kwa Kiswahili, ni maneno mangapi humo wanayoyajua.